Jeki ya Tipa Iliyowekwa Motoni

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, tarehe 19 mwezi wa tatu, kuanzia saa tano asubuhi

Jina analofahamika nalo: Mama Feni
Umri: Miaka 46
Kazi: Mhunzi, akifanya kazi na mumewe nyumbani
Makazi: Nyumba inayopakana na fundi cherehani, barabara ya gereji
Uhusiano na marehemu: Mke
Uhusiano na mtuhumiwa: Shemeji

Nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimeambiwa niseme nilichokiona na kukisikia mwenyewe, na nisichokijua niseme sikijui. Nimeelewa.

Marehemu mume wangu alikuwa mhunzi. Watu walimwita Cheche, hata waliomheshimu. Karakana yetu iko uani, kati ya jiko la kupikia na ukuta wa fundi cherehani. Ni nguzo nne, bati juu na bati pande tatu. Upande wa nne uko wazi, unatazama mlango wa nyuma wa nyumba. Hatununui chuma kipya. Springi za lori zikifika kwetu zinakuwa majembe na mapanga, ringi za magari zinakuwa majiko, na nondo zilizopinda tunazinyoosha zinakuwa madirisha. Mume wangu alizoea kuwaambia wateja kwamba chuma hakifi, kinahamishwa kazi tu. Moto wetu unapulizwa na feni iliyotolewa kwenye basi bovu, tukaifungia pedeli ya baiskeli ili izungushwe kwa mkono. Mimi ndiye mzungushaji. Jina langu limetoka hapo. Nilipoolewa sikujua koleo ni nini, sasa naujua moto wa chuma kwa rangi yake.

Mwaka jana bega lake la kulia lilianza kumsumbua. Daktari alimwambia alipumzishe. Aliporudi nyumbani akasema, "Daktari ananiambia nile bila kutafuna." Hakupumzika. Akaanza kujitengenezea nyundo ya mashine, itakayopiga yenyewe, yeye ashike koleo tu. Mota aliitoa kwenye mashine ya kusaga iliyoungua. Ekseli na gurudumu vilitoka kwenye gari dogo lililogongwa. Chini aliweka kipande cha reli. Kila jioni alikuwa akiigusagusa. Watu wakipita wakimuuliza lini itafanya kazi, anawajibu, "Bi harusi bado anapambwa." Mpaka mtaa mzima ukaiita Bi Harusi. Kilichokuwa kimebaki ni kichwa cha nyundo. Alitaka chuma kinene, kizito, kilichonyooka sawasawa. Alikitafuta muda mrefu.

Nimeulizwa kuhusu ugomvi wake na mdogo wake, huyu mliye naye humu ndani, ambaye sisi tunamwita Kapi. Ni kweli walikosana. Kapi anafanya kazi yadi ya vyuma chakavu, anabomoa malori yaliyokufa. Mwaka jana alisema anataka kuoa, na alitaka ajenge chumba mahali ilipo karakana, kwa kuwa uwanja ni wa baba yao wote. Mume wangu akamwambia basi yeye akafue chuma kichwani kwa nani. Yakatoka maneno. Mengine sitayasema kwa sababu mmoja wa waliosema hayupo. Baada ya hapo hawakusemeshana. Kapi akija kumjulia hali mama yake alipitia mlango wa mbele, akiondoka anapitia hukohuko, na kaka yake yuko uani anagonga. Siku hizo alikuwa akigonga kwa nguvu zaidi.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nilishika feni yangu. Sikuingia kati.

Mnamo tarehe 12 mwezi huu, saa kumi jioni au inakaribia, tulisikia pikapu nje. Ni pikapu ya jirani mmoja anayesambaza mikate madukani. Kapi alikuwa nyuma, amekaa juu ya kitu kilichofunikwa gunia. Aliingia kupitia mlango wa uani. Nililiona hilo kabla sijakiona alicholeta.

Alisema, "Kaka, hodi."

Mume wangu alikuwa ameinamia kisanduku cha bolti. Hakuinuka. Alisema, "Karibu. Umesahau njia?"

"Njia ninaijua. Nimeleta mahari ya Bi Harusi."

Wakaishusha, wao wawili na mwenye pikapu. Ilikuwa jeki ya tipa, ile inayonyanyua bodi ya lori wakati wa kumwaga mchanga. Ndani yake kuna shafti nene kama paja la mtu, inang'aa. Mume wangu aliipapasa sehemu ya shafti iliyokuwa inaonekana kwa kiganja kizima. Hakusema asante. Alisema, "Hii umeitoa wapi wewe?" na sauti yake ilikuwa ya zamani, ile aliyokuwa akimsemeshea Kapi kabla ya ugomvi. Nikaenda kupika chai.

Niliporudi na chai nilisikia maneno haya, na haya ndiyo yaliyonileta. Kapi alikuwa amechuchumaa, anamwonyesha kwa kidole. Alisema, "Kaka, ina midomo miwili ya mafuta, huu wa mbele na huu wa nyuma. Nimeiziba yote miwili kwa bolti, maana mwenye pikapu alisema tone moja likigusa mikate yake nitaila mimi. Usiiweke motoni kabla hujafungua yote miwili. Ndani kuna mafuta."

Mume wangu alisema, "Wewe ulizaliwa mimi nimeshaungua vidole."

Kapi alisema, "Najua. Lakini fungua yote miwili."

Mume wangu akasema, "Nimekusikia, baba." Akacheka. Alimwita baba kwa kuwa Kapi amerithi jina la baba yao. Sikuwa nimemsikia akimwita hivyo tangu wagombane. Wakanywa chai. Kapi alikaa mpaka jua likazama, wakiongea habari za malori na za mama. Habari za uwanja hazikutajwa kabisa.

Nimeulizwa kama Kapi alionekana kuwa na nia mbaya. Alionekana kuwa na njaa. Alikula mkate wote niliokuwa nimeweka mezani.

Mnamo tarehe 13, mchana, mume wangu alianza kuifungua. Nilikuwepo. Bolti ya mbele ilitoka kwa shida kidogo, mafuta yakamwagika. Niliyakinga kwa beseni la bluu. Hayo mafuta yapo mpaka leo, nendeni mkayaone. Bolti ya nyuma ilikataa. Alitia spana, ikateleza. Akaongezea bomba kwenye spana ili apate nguvu, akasukuma kwa bega lile bovu, na nikaona uso wake ukibadilika rangi. Akaacha. Akaitingisha jeki, akatega sikio. Akasema, "Imekwisha. Iliyobaki ni unyevunyevu." Nikamwambia, "Shemeji alisema yote miwili." Akasema, "Tundu moja linatosha kutoa pumzi. Hata wewe una pua moja."

Nikacheka. Mimi pia nilidhani hivyo. Sikujua kwamba ndani ya jeki kuna vyumba viwili, na kwamba mafuta ya chumba cha nyuma hayawezi kutokea mdomo wa mbele, yakichemka yanaisukuma shafti nje. Nimelijua hilo baada ya msiba, nilipoelezwa na mafundi wa gereji. Mume wangu alikuwa fundi wa chuma, si fundi wa majeki. Nadhani hata yeye hakujua. Lakini hilo la kudhani ni langu, mnaweza kulifuta.

Mnamo tarehe 14, baada ya kunywa chai, tuliwasha moto. Shafti ilikuwa imeng'ang'ania ndani kwa kutu, na alitaka jeki ipate joto itanuke, ili aichomoe. Hivyo ndivyo tunavyofanya na kila kitu kilichogoma. Tuliiweka juu ya makaa, yeye akasimama upande wa mbele, upande wa shafti, ameishika kwa koleo refu. Mimi nilikuwa kwenye feni. Tulikuwa hatuzungumzi. Kazi ikienda vizuri huwa hatuzungumzi.

Saa nne hivi mama mkwe aliniita kutoka ndani. Alifanyiwa upasuaji wa macho mwezi uliopita na kila asubuhi anatiwa dawa. Siku hiyo nilikuwa nimesahau. Mume wangu alisema, "Nenda, makaa yameshika." Nikaenda. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nimeyafikiria sana na hayana kitu ndani yake. Ni maneno ya kazi.

Mama alikuwa amekaa kitandani, ameinua uso. Nilimtia tone jicho la kulia. Nilikuwa nimeshika kope la jicho la kushoto niliposikia mlio. Haukuwa kama bomu ninavyofikiri bomu linavyolia. Ulikuwa mlio mmoja mkavu, halafu bati likalia muda mrefu. Mama akauliza, "Nini hicho?" Nikasema, "Ngoja."

Nilitoka. Moto ulikuwa umetawanyika uwanja mzima. Shafti haikuwepo. Ilikuwa imetoboa bati na kuingia ukutani kwa fundi cherehani, nusu yake ndani. Mume wangu alikuwa chali karibu na Bi Harusi. Nilimwita mara moja. Nilikaa chini nikaweka mkono kifuani kwake, na kifua hakikuwa na umbo la kifua. Sitaeleza zaidi, daktari ameshaandika. Nilivuta gunia lililokuja na ile jeki, nikamfunika. Halafu niliokota makaa yaliyokuwa karibu na miguu yake kwa koleo, moja moja, nikayarudisha mahali pake, ili yasimuunguze.

Kisha nikanawa mikono, nikarudi chumbani. Mama alikuwa bado ameinua uso vilevile. Nilimtia dawa jicho la kushoto. Nilisubiri iingie. Ndipo nikamwambia.

Nimeulizwa kwa nini nilifanya hivyo. Sijui. Jicho moja lilikuwa limebaki.

Fundi cherehani na wanawe waliruka ukuta. Mmoja akaenda kumwita Kapi yadini. Kapi alifika anakimbia, na glavu za kazi mkononi. Alilifunua gunia, akalirudisha. Halafu alikwenda kwenye jeki, ambayo ilikuwa imelala kwa mbele, nusu imezama kwenye majivu, upande wa nyuma uko juu. Akaona ile bolti ya nyuma ipo mahali pake. Akakaa kwenye majivu, na majivu yalikuwa bado ya moto. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Nimemuua kaka yangu. Niliziba mimi." Alisema hivyo mara nyingi. Watu wote walisikia. Wifi yangu, dada yao mkubwa, ndiye aliyekuwa ameingia wakati huo, na hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoyapata kuhusu kifo cha ndugu yake.

Ndiyo maana alikuja kwenu. Alikuwa anaujua ugomvi wa uwanja, akayasikia maneno yale, akaona jeki iliyozibwa. Hata mimi ningekuwa yeye ningejumlisha. Simlaumu. Ana uchungu na anatafuta mahali pa kuutua, na Kapi amejilaza chini ili utuliwe juu yake.

Askari walikuja kumchukua Kapi asubuhi ya mazishi, jeneza likiwa bado sebuleni. Hakubisha. Alivua koti lake akanipa nimshikie, kama mtu anayekwenda kunawa. Hakumzika kaka yake. Nimesikia kwamba humu ndani kila akiulizwa anarudia neno lilelile na hataki wakili wala ndugu. Mimi nasema maneno hayo yalikuwa kilio. Kwenye msiba watu husema mengi. Mimi mwenyewe nimesema moyoni kwamba niliyezungusha feni ni mimi.

Baada ya mazishi tulikuwa jikoni mimi na wifi, tunaosha vikombe. Nilimwambia nitakwenda kituoni kusema nilichokisikia.

Akasema, "Wifi, ukisema alionywa, watu watasema alijiua kwa uzembe. Fundi mzima, mwenye jina lake."

Nikasema, "Ndivyo ilivyokuwa, wifi."

"Unamtetea nani wewe? Aliyekufa ni mumeo."

"Najua aliyekufa ni nani. Nililala naye miaka ishirini na miwili."

Akaacha kikombe ndani ya maji akatoka. Tangu hapo hajaniita wifi. Ananiita wewe.

Sikuja siku ile, wala iliyofuata. Nataka hilo liandikwe. Sikuwa nimekataa kuja wala kukubali. Nilikuwa nakaa mahali watu waliponikalisha. Binti yetu amekuja kutoka kwa mumewe, ananilisha, nakula. Watu wanasema mbona halii. Nawasikia.

Jana jioni mama mkwe aliniita. Hakuwa amesema neno tangu mazishi, mpaka tukadhani ulimi wake umefungwa. Akanishika kitambaa cha nguo. Akasema, "Mwanangu, mimi nilizaa wanaume wawili. Mmoja mmeshamzika. Huyu wa pili mnamzika lini?"

Nikamwambia, "Nitakwenda kesho, mama."

Akasema, "Usiseme uongo kwa ajili yangu. Sema ulichokiona tu." Akageukia ukutani.

Leo asubuhi nilivaa nije. Nilipofungua mlango wa uani nilimkuta mama mmoja mkulima, anatoka mbali, hakuwa na habari za msiba. Alikuwa ameagiza jembe na mvua imeshaanza. Alipoambiwa na binti yangu alitaka kuondoka, akawa anaomba radhi huku anarudi nyuma. Nikamwambia asubiri. Jembe lake lilikuwa limekwisha kufuliwa, limebaki kupigwa ukingo na kutiwa makali. Niliwasha moto. Nilizungusha feni kwa mkono wa kushoto, chuma nimekishika kwa mkono wa kulia, halafu nikaacha feni nikachukua nyundo. Sijawahi kufanya yote mawili peke yangu. Inawezekana, ila ni taratibu. Chuma kilipofika rangi ya chungwa bivu nilikipiga ukingo, nikakirudisha motoni kidogo, nikakichovya majini, nikakinoa. Ni jembe zuri. Yule mama alilipokea kwa mikono miwili, hakujua aniambie pole au ahsante, akasema zote mbili kwa pamoja.

Kisha nikaja hapa.

Nimeulizwa swali la mwisho, kama nina kinyongo na shemeji yangu kwa kuwa ndiye aliyeileta jeki nyumbani kwetu. Nimelifikiria. Aliileta ili wapatane, na walipatana. Kuhusu kinyongo, sijakitafuta bado. Labda kipo, nitakikuta siku nyingine.

Nimesomewa maneno haya yote polepole, na ni maneno yangu kama nilivyoyatoa. Sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA MPOKEAJI

Nathibitisha kwamba shahidi alitoa maelezo haya kwa hiari, akiwa na akili timamu. Hakulia. Mara mbili aliniomba nirudie swali, akasema hakulisikia ingawa alikuwa akinitazama.

Mchana wa siku hiyohiyo nilifika eneo la tukio pamoja na fundi wa mitambo. Beseni la bluu lenye mafuta machafu lilikuwepo. Jeki iliyohifadhiwa kama kielelezo ilikaguliwa upya baada ya kusafishwa majivu: mdomo wa mbele uko wazi, na bolti ya mdomo wa nyuma ipo, kichwa chake kimekwaruzwa na spana iliyoteleza. Mwenye pikapu ya mikate alihojiwa peke yake, akaeleza kwamba ni yeye aliyeamuru midomo yote izibwe kabla hajakubali kubeba mzigo. Alikuwepo wakati wa kushusha na, kabla hajaondoka, aliyasikia maneno ya tahadhari, ila hakudhani yana uzito, kwa hiyo hakuyasema mapema.

Mtuhumiwa alitolewa mahabusu akasomewa maelezo ya shahidi. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Tulipofika mahali pa bolti ya mbele alinisimamisha, akauliza, "Alifungua mmoja?" Nikamjibu kwamba alifungua mmoja, na wa pili alijaribu. Akaomba nisome tena mahali hapo. Nilisoma. Baada ya hapo alikubali, kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, kujibu maswali mengine. Majibu yake hayapingani na ya shahidi.

Mkuu wa kituo ameelekeza jalada lifungwe kama ajali. Mtuhumiwa ameachiwa saa kumi na moja jioni na kukabidhiwa vitu vyake: mkanda mmoja, glavu za kazi jozi moja, viatu vya buti jozi moja na kamba zake. Alitia kamba kwenye viatu, akasimama bila kuzifunga. Shahidi, ambaye alikuwa amebaki kwenye benchi la mapokezi tangu mchana bila kuombwa, alikuja akapiga magoti akazifunga. Mtuhumiwa alimwambia, "Shemeji, acha." Shahidi alimjibu, "Tulia, mguu wa pili."

Waliondoka kwa miguu, wakielekea barabara ya gereji.

Sahihi ya mpokeaji: (ametia sahihi)